Namna ya Kuliwa na Papa: Mwongozo kwa Mgeni wa Ubao wa Tanga

Kuliwa na papa kwenye pwani yetu kunataka juhudi, subira na fedha. Inafaa hili lisemwe mapema, maana kila msimu wa kusi hushuka Paje, Diani na Watamu watu wazima wenye akili zao, wamekwisha kukodi ubao, tanga na mwalimu, na swali lao la kwanza halihusu upepo wala maji kupwa na kujaa.

"Kaka, humu papa wapo?"

"Wapo, kaka. Sokoni Darajani. Kwa kilo."

Kijana anayejibu hivyo hana nia ya kumkejeli mtu. Kaulizwa, kajibu. Lakini mgeni hucheka kicheko cha nusu, huingia majini, kisha muda wote aliolipia anautumia kutazama nyuma, na ndiyo maana anaanguka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Mtu akisafiri kutoka Dodoma, Nairobi au Munich akiwa na imani kwamba ataliwa, adabu ya pwani inataka aonyeshwe njia.

Kwanza, ondoka hapo ulipo

Kosa kubwa la wageni ni kumngojea papa mahali ambapo papa hana shughuli. Simama ufukweni Paje, mashariki mwa Unguja, maji yakiwa yamekupwa, utazame mashariki. Kule mbali kuna mstari mweupe unaonguruma mchana na usiku. Huo ndio mwamba, na bahari kuu inavunjikia hapo. Huku ndani ni mchanga, majani ya bahari na vidimbwi, na hata maji yanapoanza kujaa, sehemu nyingi yanakufika kiunoni tu. Papa wadogo wa mwambani huingia mara moja moja kutafuta samaki wa kiasi chao. Wakikuona, wao ndio wanaotimka. Papa mwenye mwili wa kumdhuru mtu anakaa nje, kwenye kina. Ili kumfikia inabidi uvuke mlango wa mwamba, upite palipo na mawimbi na mkondo, na mwanafunzi ambaye bado anaanguka kila anapogeuza ubao hafiki huko hata akilipwa.

Kwa hiyo badilisha bahari. Kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi hii hii, kingekufaa zaidi: kati ya 2011 na 2019 papa waliua watu 11 huko, wengi wakiwa waogeleaji na wapanda mbao za mawimbi. Mwezi Julai 2013 serikali ikapiga marufuku kuogelea na kupanda mbao karibu pwani yote ya kisiwa, isipokuwa ndani ya mwamba na sehemu chache zenye ulinzi. Zingatia hapo penye "isipokuwa". Serikali iliyokuwa na maiti za kuhesabu bado iliwaachia watu wake maji ya ndani ya mwamba, na ndiyo maji yale yale ambayo wewe, huko Paje, unayaingia ukisoma dua.

Durban nako kuna historia. Tangu 1952 mji ule umetega nyavu za papa mbele ya fukwe zake, na wageni wengi hudhani ni ukuta. Sivyo. Nyavu hazifiki chini wala hazizibi pwani. Papa anaweza kupita juu yake, chini yake na kando yake. Kazi yake ni kuwavua ili wapungue, na pamoja nao hunaswa kasa, pomboo na taa ambao hawakumkosea mtu. Mogadishu, katika miaka ya 1970 na 1980, ufuo wa Lido ulipata sifa mbaya kwa sababu nyingine: machinjio yalikuwa karibu na maji, damu na matumbo vikitiririka baharini, na papa wakazijua saa za kula. Kabla hujalipia hoteli, basi, uliza kama kuna machinjio jirani. Wakisema hakuna, nafasi yako ya kuliwa imeshuka sana.

Pili, mjue mwenyeji wako

Kuna aibu kubwa katika kupiga mayowe mbele ya ufuo mzima kisha ikaonekana ni pomboo. Pezi la pomboo huchomoza, likajipinda, likazama, halafu likachomoza tena mbele kidogo, kwa kuwa mwenye nalo anapanda juu kuvuta pumzi. Pezi la papa halipandi wala kushuka. Linakwenda sawasawa, na nyuma yake wakati mwingine utaona ncha ya mkia ikichapa kushoto na kulia. Ukiona mapezi mawili yaliyo sambamba, yakitokea na kupotea pamoja, huenda ni ncha za mbawa za taa. Na ukiona kitu cha mviringo kikichungulia kama mpangaji anayesikiliza kama mwenye nyumba ameondoka, huyo ni kasa.

Yupo papa mmoja ambaye utamwona hakika ukienda Kilindoni, kisiwani Mafia, kati ya Oktoba na Machi. Ni mkubwa kuliko basi dogo, mdomo wake unaweza kukutosha wewe na tanga lako, na mgongo wake una madoa meupe tele. Wavuvi wa Kenya wanamwita papa shilingi. Inasimuliwa kwamba Mungu alipendezwa naye hata akamrushia sarafu mgongoni. Chakula chake ni viumbe vidogo mno anavyovichuja majini, na koo lake halipitishi mtu. Watu hulipa fedha nzuri kuogelea ubavuni mwake. Ukitaka kuliwa na huyu, rudi nyumbani.

Wanaobaki kwenye orodha ya wenye rekodi ya kuua watu ni hasa watatu. Papa mkubwa mweupe anapenda bahari ya baridi zaidi kuliko yetu, ingawa husafiri. Papa milia hula karibu kila kitu, na matumboni mwake kumekutwa hadi vibao vya namba za magari. Wa tatu ni yule mnene, mwenye pua butu, anayependa maji ya tope kwenye midomo ya mito. Kusini mwa Afrika wanamwita papa wa Zambezi, kwa sababu huupanda mto ule mbali sana na bahari, na maji yasiyo na chumvi hayamsumbui.

Yule wa nne, aliyekutisha tangu utotoni, si wa bahari yoyote. Alitengenezwa kwa vyuma na mpira kwa ajili ya filamu ya Jaws ya 1975, iliyopigwa kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Wapiga picha walimwita Bruce, na aliwatesa kwelikweli, kwa kuwa kila alipotiwa kwenye maji ya chumvi aliharibika. Papa aliyewafanya watu nusu ya dunia waogope kuoga baharini, bahari yenyewe ilimshinda. Peter Benchley, aliyeandika riwaya ya 1974 iliyozaa filamu hiyo, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye kuwatetea papa wa kweli.

Tatu, timiza masharti

Mpanda ubao wa tanga ni chakula kigumu kupatikana. Amesimama juu ya ubao, miguu iko nje ya maji, na upepo ukiwa mzuri anakwenda kilomita 30 kwa saa au zaidi. Papa anatafuta kilicho dhaifu au kilichojeruhiwa. Ananusa damu, ubavu wake unahisi mtikisiko wa maji, na puani ana vitundu vidogo vinavyohisi hata umeme hafifu wa misuli ya samaki aliyejifukia mchangani. Akimgusa mtu kwa meno, mara nyingi ni kumwonja tu ajue ni kitu gani, maana hakujaaliwa mikono ya kupapasia. Bahati mbaya kuonjwa kwenyewe kunatosha kumtoa mtu damu nyingi.

Mwanzoni, hata hivyo, una faida moja: unaanguka sana. Kila ukianguka unaelea karibu na tanga, unapiga miguu, unatukana. Ongeza hapo masharti mengine. Toka alfajiri au magharibi, wakati papa wanapowinda. Nenda palipo na wavuvi wanaosafisha samaki na kutupa matumbo. Jifunge kiunoni mtungo wa samaki waliovuliwa sasa hivi. Chagua mdomo wa mto baada ya mvua, kwa mfano pale Sabaki unapomwaga maji yake mekundu karibu na Malindi, au kwenye delta ya Rufiji. Rufiji, lakini, ujiandae kupanga foleni, maana mamba na viboko wanakaa mbele ya papa kwenye mstari. Tena viboko wachache wa huko walikwishavuka bahari hadi Mafia, kwa hiyo kukimbilia kisiwani pia si uhakika.

Hata ukitimiza yote hayo, hesabu haikuungi mkono. Chuo Kikuu cha Florida kinatunza daftari la mashambulizi ya papa duniani. Mwaka 2023 kiliandika matukio 69 ya watu waliong'atwa bila kumchokoza papa, 10 kati yao wakafa. Mwaka 2024 yakawa matukio 47, vifo 4. Hiyo ni dunia nzima, yaani Florida yenyewe, Australia, Hawaii na kwingineko ambako watu wako majini kwa mamilioni. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba watu wanaokufa maji kwa mwaka ni kama 300,000. Hakuna aliyetengeneza filamu kuhusu hao.

Na kama unadhani masharti niliyoyataja hayajawahi kujaribiwa, muulize mzee yeyote wa ngalawa. Anatoka usiku, chombo chembamba kimeinuka inchi chache juu ya maji, mikono ina damu ya chambo, anapita mlango wa mwamba gizani na kulala kwenye kina mpaka alfajiri. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Anarudi asubuhi kamlaza papa ndani ya chombo.

Yatakayokupata kabla papa hajapata habari zako

Hapa ndipo mwongozo unapokuwa mrefu, kwa kuwa wanaosubiri ni wengi.

Wa kwanza ni upepo. Mashariki mwa Unguja kusi inakuja kutoka baharini, kwa hiyo ukishindwa kurudi inakusukuma ufukweni, ukaburuze ubao kwa miguu huku watoto wakikutazama. Ni udhalilifu tu, hakuna maafa. Lakini yupo mgeni anayesikia kwamba pwani ya magharibi maji yametulia, akaona hapo ndipo pa kujifunzia. Yametulia kwa sababu upepo unatoka nchi kavu, na kinachotoka nchi kavu kinakupeleka huko kwingine. Dakika kumi za kwanza utajiona hodari. Ukitaka kurudi ndipo utakapogundua kwamba hujafundishwa kukata upepo. Mbele yako kuna Bagamoyo, na ukiikosa Bagamoyo ni Saadani, hifadhi ya taifa inayofika hadi baharini, ambako wa kukupokea anaweza kuwa tembo.

Wa pili ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa kwenye pwani hii hufika mita nne hivi. Mgeni aliyeingia maji yakiwa kifuani hutoka baada ya saa tatu akakuta bahari imehamia upande wa pili wa macho yake. Pezi la chini ya ubao linagonga mchanga, ubao unasimama ghafla, yeye haisimami safari yake. Anaruka mbele na mlingoti unamfuata. Meno niliyoyaona yakimtoka mtu baharini yalitolewa na mlingoti.

Kisha kuna mashamba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kina mama wa Paje, Jambiani na Bwejuu wanalima mwani ndani ya mwamba. Shamba ni vigingi vya miti vilivyopigwa mchangani kwa safu, kamba zimekazwa kati yake, na kwenye kila kamba kuna vishada vya mwani vimefungwa kwa uzi mfupi unaoitwa taitai, kimoja kimoja, kwa mkono, mtu ameinama majini mgongo ukimchoma jua. Maji yakipwa shamba linaonekana lote. Yakianza kujaa linafunikwa, na kigingi kinabaki kiganja kimoja chini ya uso wa maji, kimechongoka. Ubao wako ukipita hapo, pezi linanasa, kamba inakatika, na vishada vya wiki nne vinaondoka na mkondo. Papa akikukosa anakwenda zake. Mama mwenye shamba hakukosi. Atakungoja ufukweni, ameshika ile kamba. Anza na shikamoo, omba radhi, kisha lipa anachokuambia, bila kuleta habari za bei ya ulikotoka.

Chini ya miguu nako kuna jamii nzima. Viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi hukaa kwenye mawe na mashimo ya mwamba, hawamfuati mtu. Mtu ndiye anayewakanyaga. Mwiba unaingia, unakatikia ndani, na ukijaribu kuung'oa kwa kibano unasagika. Ufukweni watakupaka utomvu wa papai bichi na kukwambia utulie, nawe utatulia, kwa kuwa huwezi kutembea. Taa hujifukia mchangani maji yakiwa ya magoti, akabakiza macho. Ukimkanyaga anarusha mkia wenye mwiba wa sumu, na maumivu yake mtu mzima hulia. Ukiingia majini buruta miguu, usiinyanyue. Akihisi mchanga unatikisika anaondoka mwenyewe. Ukishachomwa, zamisha mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, kisha uende hospitali. Konyeza nao hupita kwa msimu, laini, hawana hila, wanawasha tu.

Jua sina haja ya kulieleza. Mtu aliyelala miezi sita chini ya mawingu ya Ulaya halafu akasimama kwa muda wa saa nne juu ya maji yanayoakisi mwanga, jioni anajulikana kwa rangi. Wa Nairobi na Arusha hudhani weusi wao unawakinga na kila kitu. Midomo yao kesho yake ndiyo inayotoa ushahidi. Na ukirudi ufukweni ukiwa umechoka, umechubuka na umekunywa nusu ya Bahari ya Hindi, watakusimamia papasi watatu, madalali wa watalii, mmoja na safari ya kisiwa cha Mnemba, mmoja na picha za tingatinga, mmoja na rafiki yake mwenye gari. Hao ndani ya mwamba ama nje ya mwamba hawaogopi kitu.

Upande wa papa

Kama papa wangeandika mwongozo wao wa tahadhari, pwani ya Waswahili ingepata sura ndefu yenye wino mwekundu. Jarife, wavu wa matundu makubwa unaotegwa usiku, ulikusudiwa yeye na taa. Nyama yake hupasuliwa, ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani mpaka inakuwa ngumu kama ubao wa mlango, na harufu yake inakutangulia nyumbani. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Oman na Hadhramaut yalileta papa mkavu pamoja na tende, na Waomani mpaka leo wanaye kwenye meza zao. Ini lake huyeyushwa likatoka sifa, mafuta mazito yanayonuka, na mafundi wakayapaka kwenye mbao za majahazi zisioze. Yaani chombo kilikwenda kumvua papa kikiwa kimepakwa papa. Mapezi yakaenda Hong Kong kuwa supu ya harusi.

Watafiti waliokadiria mwaka 2013 walifika kwenye papa kama milioni 100 wanaouawa na binadamu kwa mwaka. Utafiti mwingine wa 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Novemba 2022, huko Panama, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kudhibiti biashara ya papa wa aina nyingi zaidi, wakiwemo wengi wanaouzwa kwa ajili ya mapezi. Uamuzi huo bado una safari ndefu kufika kwenye meza ya mnada wa samaki wa alfajiri. Nenda ukaangalie mwenyewe wanaolazwa pale chini: wengi ni wadogo, urefu wa mkono, hawajawahi kuzaa. Papa hukomaa polepole na huzaa wachache. Anayevuliwa kabla ya kuzaa hana mrithi. Sisemi mchuzi wa papa wa nazi si mtamu. Nasema mnunuzi anayekataa kununua mtoto wa papa anasikilizwa na mchuuzi haraka kuliko azimio la Panama.

Ukishikilia kwenda

Basi nenda. Chukua mwalimu anayejua saa za maji kupwa za siku hiyo bila kufungua simu. Mwambie mtu aliyebaki ufukweni saa ya kurudi kwako, na awe mtu anayejali. Vaa jaketi la kujiokolea hata kama vijana wanakucheka. Tanga likikushinda, lilaze, ulalie ubao, ungoje. Usiuache ubao ukaogelea, kwa sababu kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani na chombo cha kukutafuta, na ubao unaonekana. Ukiona pezi linalokwenda sawasawa bila kupanda wala kushuka, panda ubaoni, kaa kimya, utoke taratibu ukiwa unamtazama, kisha usimulie mpaka uzeeke, kwa kuwa wenzako wengi watamaliza likizo zao bila kuliona.

Mwezi ukiwa mpevu wiki hii, subiri wiki moja maji yawe mafu. Na viatu vya mpira usiviache hotelini.